Haki ya Mtoto Asiyeweza Kunyonya



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nataka leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu wanaume hudhani halituhusu. Twasema hayo ni ya wanawake na wakunga, sisi tuna ya msikitini na ya sokoni. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Jambo lenyewe ni hili: mtoto amezaliwa, mama yake ana maziwa, lakini mtoto hawezi kunyonya. Pengine amezaliwa kabla ya wakati wake, au kinywa chake kina kasoro, au moyo wake ni dhaifu na kila akinyonya huchoka. Je, haki yake ya maziwa imeanguka? Na kama haikuanguka, ni nani mwenye deni la kumfikishia?

Kabla sijaleta dalili, sina budi nikusimulie kisa kilichonipata mwenyewe, kwani anayetaka kuwafundisha watu haki yampasa aanze kwa kuikiri dhulma aliyoitenda yeye.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni karibuni, nikisomesha watoto katika mtaa mmoja wa mji wa Tanga. Jirani mmoja alipata mtoto wa kiume, uzazi wa kwanza, akaniita nimwadhinie na kumfanyia tahniki. Nikatafuna tende, nikaichukua kidogo kwa kidole, nikampaka mtoto kwenye kaakaa kama ilivyo Sunna. Kidole changu kilipopita nyuma ya kaakaa nilihisi mahali pana uwazi. Sikuwa na mke wala mtoto wakati ule. Nikadhani ndivyo vilivyo vinywa vya watoto wachanga, kama utosi ambao huwa haujafunga. Nikasoma dua, nikanywa kahawa, nikaenda zangu.

Siku ya tisa baba yake akaja kunigongea mlango. Mtoto alikuwa akilia usiku na mchana. Akipewa titi hulidaka kwa pupa, kisha huliachia, na maziwa kidogo yaliyoingia humtokea puani. Nilipofika nilikuta nyumba imegawanyika. Bibi zake walisema mtoto ana shetani. Mawifi walisema neno zito zaidi: kwamba mtoto amebemendwa, na aliyembemenda ni mama yake. Wajua, ndugu msomaji, maana ya neno hilo kwetu.

Mimi nikafanya nililolijua. Nikaandika kombe kwa zafarani, nikaliosha kwa maji ya waridi, mtoto akatiwa kinywani. Akapaliwa. Kisha nikamgeukia mama yake, ambaye kanga yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani, nikamwambia, "Dada, leta istighfari kwa Mola wako." Sikusema kuwa kweli alifanya lile walilomsingizia. Lakini waliokuwepo walisikia walichotaka kukisikia, na neno la maalim likawa muhuri.

Yule mama akanitazama akasema, "Maalim, mwanangu hana shetani. Mwanangu ana njaa."

Mtoto alifariki siku ya kumi na saba. Mimi ndiye niliyemsalia. Haukupita mwaka mama yake akapewa talaka, na lile neno likamfuata mpaka kwao.

Ndugu msomaji, yule mama alisema kweli. Maziwa yalikuwamo nyumbani, yakimwagika kwenye kanga, na mtoto akafa kwa njaa katika chumba hicho hicho. Tatizo lilikuwa ni njia ya kuyafikisha kutoka kwa mama mpaka tumboni mwa mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitafuta. Tulishughulika kutafuta wa kulaumiwa.

Sasa tuitazame Sharia inasemaje.

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amepanga mambo ya kunyonyesha kwa utaratibu ambao ukiuzingatia utastaajabu. Amewataja akina mama na muda wa miaka miwili kwa anayetaka kuutimiza. Papo hapo akamtaja baba, akamwekea jukumu la chakula na mavazi ya yule anayenyonyesha. Akaeleza kwamba hapana nafsi inayokalifishwa zaidi ya iwezavyo, na kwamba mama asitiwe katika madhara kwa ajili ya mwanawe, wala baba vile vile. Akamtaja mrithi, kwamba naye ana wajibu kama huo. Akataja kushauriana na kuridhiana wakitaka kumwachisha mtoto ziwa. Na mwisho akaruhusu mtoto apewe mnyonyeshaji mwingine kwa ujira.

Hesabu, ndugu yangu, watu waliotajwa katika aya hiyo moja: mama, baba, mrithi, na mwanamke mwingine wa kunyonyesha. Wote wamekusanywa kumzunguka mtu mmoja asiyejua hata kusema. Basi mwenye haki ni mtoto, na sisi wengine wote ni wadeni wake. Ikiwa mwenye haki hawezi kuja kuichukua haki yake, mdeni mwenye imani humpelekea. Hata katika deni la fedha, aliyemkopesha mtu kisha akapooza miguu hatuambii kwamba deni lake limekufa kwa sababu hawezi kuja dukani.

Na wanavyuoni wetu wa zamani hawakulisahau jambo hili. Sisi watu wa pwani hii, wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafii, na kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kinasomeshwa vyuoni kwetu. Ndani yake mna mambo mawili ambayo niliyasoma ujanani nikayahifadhi bila kuyafahamu.

La kwanza ni kwamba mama ana wajibu wa kumpa mtoto maziwa yake ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya manjano ambayo Waswahili huyaita dang'a. Ni wangapi katika sisi ambao bibi zao waliyakamua wakayamwaga, wakisema ni machafu? Leo madaktari wanatuambia kuwa hayo ndiyo yenye kinga kubwa ya maradhi, nao husisitiza mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza tangu kuzaliwa. Hukumu hiyo ilikuwamo vitabuni mwetu, na bado tulikuwa tukimwaga.

La pili liko katika mlango wa kunyonya. Wanavyuoni waliuliza: mtoto asiponyonya titi, bali maziwa ya mwanamke yakatiwa kinywani mwake mpaka yakafika kooni, au yakapitishwa puani, je, huo ni unyonyeshaji unaothibitisha udugu wa ziwa? Imamu Nawawi akajibu kwamba ndiyo, kwa njia ya kinywa na kwa njia ya pua pia. Nilipokuwa nikilisoma hilo nilidhani ni maswali ya wanavyuoni ya kunoa akili tu. Kumbe zamani hizo walikuwapo watoto wasioweza kunyonya, na walikuwapo watu waliowakamulia maziwa wakawanywesha. Na Sharia ikawahesabu watoto hao kuwa wamenyonya.

Haya niliyafahamu mwaka 2018, wakati mjukuu wangu wa kike alipozaliwa katika juma la thelathini na moja. Hao ndio watoto tunaowaita njiti, wanaozaliwa kabla ya majuma thelathini na saba. Alikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia nne. Nilipopewa ruhusa ya kumwona nilimkuta amelazwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga, na mrija mwembamba unapita puani mwake kuingia tumboni. Maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa yalikuwa yakiteremka humo polepole. Nikayakumbuka maneno ya Imamu Nawawi juu ya maziwa yanayopita puani, nikashindwa kujizuia kulia.

Muuguzi mmoja, binti wa rika la mwanangu, akanieleza kwa subira. Akaniambia, "Babu, kunyonya ni kazi ya mambo matatu: kuvuta, kumeza na kupumua. Mtoto njiti hawezi kuyapanga matatu hayo pamoja mpaka afike kama juma la thelathini na nne. Kabla ya hapo ukimlazimisha atapaliwa. Kwa hiyo maziwa tunampelekea sisi."

Mama yake akafundishwa kukamua kwa mkono tangu saa za mwanzo, kila baada ya muda mfupi, si chini ya mara nane kwa usiku na mchana, kwani titi ni kama kisima: kisipotekwa hukauka. Mtoto alipopata nguvu alianza kuwekwa titini baada ya kukamuliwa, arambe na kujizoeza tu. Kisha akawa anapewa kwa kikombe kidogo, ameketishwa wima, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wake wa chini, maziwa yasimiminwe, bali ayafuate mwenyewe kwa ulimi. Hawakutaka chupa, kwa kuwa kikombe husafishika kwa urahisi na chupa huficha uchafu shingoni. Baada ya majuma machache akanyonya. Leo yuko chuoni kwangu, anasoma juzuu Amma.

Huku kumlaza mtoto kifuani nako kuna historia. Kulianza mjini Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, ambaye hospitali yake ilikuwa na mashine chache za kuwatia joto watoto kuliko watoto wenyewe. Na mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wadogo waliolazwa vifuani mwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wale waliongojewa mpaka hali zao zitulie kwanza. Kifua cha mama, kanga na kikombe: vitu hivyo vimo katika kila nyumba ya fukara.

Siku ile nilimwuliza yule muuguzi swali lililokuwa limenikaa moyoni miaka thelathini na minne. Ni mtoto gani anayedaka titi na kuliachia, na maziwa kumtoka puani? Akanijibu pasi na kufikiri: "Huyo huwa na mpasuko wa kaakaa, Babu. Ni kama mtu anayevuta maji kwa mrija uliotoboka. Hata avute vipi, hayaji." Akaendelea kunieleza kuwa mwenye mpasuko wa mdomo tu, ule tunaouita mdomo wa sungura, mara nyingi huweza kunyonya akisaidiwa kushikwa vizuri. Mwenye mpasuko wa kaakaa hukamuliwa maziwa akanyweshwa kwa kikombe au kijiko, ameketishwa wima, mpaka akue afanyiwe upasuaji. Nikaukumbuka ule uwazi niliougusa kwa kidole changu.

Ndugu msomaji, mimi ndiye mtu wa kwanza aliyeigusa kasoro ya mtoto yule, nami sikuuliza. Ndiyo maana nakwambia wewe mwalimu mwenzangu unayeitwa kufanya tahniki: osha mikono yako vizuri, paka kidogo mno, na kama mtoto ni njiti au mgonjwa mwulize daktari kwanza. Na kidole chako kikipita juu ya kaakaa, kiwe na macho. Ukihisi uwazi, mwambie baba yake siku hiyo hiyo ampeleke mtoto hospitali.

Sasa tuzijibu hoja tatu ambazo huletwa katika jambo hili.

Hoja ya kwanza ni ya anayesema: "Mtoto asiyeweza kunyonya ni kadari ya Mwenyezi Mungu, angetaka aishi angempa nguvu." Huyu namkumbusha kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alipookotwa na watu wa Firauni alikataa matiti ya kila mnyonyeshaji. Kukataa kwenyewe kulikuwa ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Je, dada yake alikaa kitako akasema ndivyo ilivyoandikwa? Alikuwa amemfuata kwa mbali, akajitokeza, akawaelekeza kwenye nyumba itakayomlea, na mtoto akarudi kwa mama yake. Kadari ilipita kwa miguu ya msichana aliyehangaika. Nasi tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kumfunga ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.

Hoja ya pili ni hiyo ya kubemenda. Nasema wazi, na walaumu wakinilaumu: mtoto anayekonda au anayeshindwa kunyonya ana sababu katika mwili wake au katika chakula chake, na sababu hizo hutafutwa. Pengine moyo wake una tundu, naye hutokwa na jasho na kuchoka kila akinyonya. Pengine ana umanjano unaomlaza usingizi. Pengine amezaliwa na hali iitwayo Down, misuli yake ni legevu, naye huhitaji muda mrefu na mkono wa kushikilia kidevu. Kumwambia mama wa mtoto huyo kwamba kambemenda ni kumsingizia zinaa kwa maneno ya mafumbo. Nawe wajua Sharia imeweka adhabu gani kwa anayemtuhumu mwanamke mtwaharifu bila ya mashahidi wanne. Tumelizoea neno hili mpaka tumesahau kuwa ni tuhuma. Mtoto anakosa maziwa na mama yake anakosa heshima, kwa ulimi mmoja.

Hoja ya tatu ni ya wanaokimbilia wembe. Mtoto akikataa titi au akikohoa, hupelekwa kukatwa kimeo. Akiwa na homa na kuharisha, husemwa ana meno ya plastiki, na fizi zake huchimbwa kwa chuma. Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa shida huongezewa kidonda kinywani, ndipo asinyonye kabisa. Wengine hupoteza damu, wengine hupata maradhi ya kuambukiza, na wengine hufa. Hayo ni kuidhuru nafsi ambayo Mwenyezi Mungu ameiharamisha, na aliyeyafanya kwa nia njema ataulizwa pia kwa nini hakuuliza wenye ujuzi. Ulimi uliofungwa chini, ambao kweli huwazuia watoto wengine kunyonya, nao hutazamwa na daktari. Si wa kukatwa na kinyozi.

Baada ya hayo nazungumza nawe baba. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama wa mtoto njiti au mgonjwa hukamua maziwa saa nane za usiku, akarudia saa kumi, na alfajiri bado ana nguo za kufua. Wewe wangojea uji. Kumbuka aya ilivyosema juu ya chakula na mavazi yake. Mlishe anayekulishia mwanao. Kiosheni kikombe kwa maji yaliyochemka. Mlaze mtoto kifuani mwako wewe pia, kwani kifua cha baba nacho kina joto. Na mwondolee maneno ya mama yako na dada zako. Kumlinda na ulimi wao ni katika wema alioamrisha Mwenyezi Mungu.

Na wenye madaraka nao wana sehemu yao. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa amepanga posho ya hazina kwa watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara wa wafanyabiashara, alisikia mtoto akilia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake mara kwa mara, naye, asijue anasema na nani, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati ili apate ile posho. Umar aliswalisha alfajiri ile akilia, na akaamuru posho itolewe kwa kila mtoto anayezaliwa. Tazama: aliyekosea hapo haikuwa mama, ilikuwa kanuni, na mwenye kanuni akaibadilisha. Tunashukuru kuwa mwaka 2025 Tanzania nayo ilirekebisha sheria za kazi ili mama mwajiriwa aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda wa likizo. Lakini mwenye duka na mwenye shamba, ambao vibarua wao hawana likizo wala barua, watizame nao dhamiri zao.

Limebaki suala la maziwa ya mwanamke mwingine. Mama akifariki, au akawa mahututi, mtoto njiti atapata wapi? Sharia yetu imefungua mlango huu tangu zamani, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima. Jirani au shangazi aliyepimwa afya yake akamnyonyesha au akamkamulia mtoto huyo, amefanya tendo kubwa. Ila aandikwe. Katika madhehebu yetu, akinywa maziwa yake mara tano zilizothibiti kabla ya kutimiza miaka miwili, hata kama ni kwa kikombe au kwa mrija, amekuwa mwanawe, na watoto wake ni ndugu zake wasiooana naye. Andikeni jina la mama huyo, la mumewe na la watoto, na karatasi iwekwe katika nyumba zote mbili.

Ama benki za maziwa, ambazo hukusanya maziwa ya wanawake wengi, wanavyuoni wamehitilafiana. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliona zinajuzu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah Desemba 1985, lilikataza kuanzishwa kwake katika nchi za Kiislamu, kwa kuchelea kuchanganyika kwa udugu wa ziwa. Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mbali tena, kwani mwaka 2019 benki kama hiyo ilifunguliwa Nairobi katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Rai yangu ni kwamba Waislamu tusingojee kuja kubishana juu ya kitanda cha mtoto. Tuwe na wanawake wanaojulikana, waliojiandikisha, ambao hospitali ikimhitaji mmoja twaweza kumtaja kwa jina. Hapo mtoto hupata uhai na nasaba ya ziwa hubaki wazi.

Mwisho, ndugu msomaji, nakuomba usiyageuze maneno yangu yakawa fimbo nyingine ya kumpigia mama. Aya imesema mama asidhuriwe. Wako akina mama waliokamua mpaka wakatokwa na damu na maziwa hayakutosha. Wako watoto wachache mno ambao miili yao haiwezi kuisaga sukari iliyomo katika maziwa, na hao daktari huwakataza hata ya mama. Yuko mama mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye zamani alikatazwa, na ambaye tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa aweza kunyonyesha akiwa anatumia dawa zake. Huyo asikilize kituo chake cha afya, si baraza za mtaani. Maziwa ya kopo si haramu. Kosa ni la mwuzaji anayemdanganya mama kuwa kopo ni bora kuliko kifua chake, na ni la sisi tunaomnunulia kopo kabla hatujamnunulia yeye chakula. Aliyefanya juhudi yake yote kisha akashindwa, hana dhambi wala deni. Katika Suratut Talaaq tumeelezwa kwamba mambo yakiwa magumu baina ya wazazi, mwanamke mwingine atanyonyesha. Njia ikifunga, nyingine hutafutwa, na hakuna anayetukanwa.

Basi ukisikia mtoto katika mtaa wenu hawezi kunyonya, usiulize mama yake kafanya nini. Uliza mambo matatu: Je, kinywa chake kimetazamwa? Je, maziwa yanakamuliwa? Je, mama mwenyewe amekula leo? Kisha mfikishe hospitali. Dua msomee, nami naisoma, lakini isomwe njiani.

Yule mama wa mwaka 1984 nilimtafuta baada ya mjukuu wangu kupona. Nilimkuta kijijini kwao, mtu mzima, ana watoto wengine na wajukuu. Nikamweleza ya kaakaa. Nikamwomba radhi mbele ya watoto wake wakubwa, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sheikh, mimi nilijua tangu siku ile kuwa ni njaa. Nilichokuwa sijui ni kikombe." Akanisamehe. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu, awape nguvu mama zao, atufungulie sisi walimu masikio ya kusikiliza kabla ya kuhukumu, na atukutanishe na watoto tuliowapunja hali ya kuwa wametusamehe. Amin.

Wabillahi Tawfiq.